Kabla hujauza ng'ombe ili kijana awe fundi wa kompyuta

Leo naweka kando mbolea na viuatilifu. Wazazi kadhaa wameniuliza: "Bwana shamba, nikiuza ng'ombe wawili nikamsomesha kijana ufundi wa kompyuta, italipa?"

Mdogo wangu anafanya kazi hiyo kwenye kampuni moja hapa Mwanza mjini. Wanahudumia kompyuta na intaneti za maduka, zahanati na viwanda vya samaki. Ni kazi halali na yenye heshima. Lakini zijue hasara zake mapema.

Kwanza, muda si wako. Mashine ya EFD ikigoma, mwenye duka hawezi kutoa risiti, na kuuza bila risiti ni faini. Kwa hiyo anapiga simu saa hiyo hiyo, hata Jumapili. Mdogo wangu ameshapanda meli hadi Nansio, Ukerewe, akakuta ni waya tu umechomoka. Kulala huko akalala kwa hela yake.

Pili, unabeba lawama zisizo zako. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya Bahari ya Hindi, na Tanzania nzima intaneti ikasuasua. Wateja wa Mwanza walimgombeza yeye! Ni kama mimi kulaumiwa mvua isiponyesha.

Tatu, ujuzi unachakaa. Jembe la babu bado linalima. Lakini Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na fundi akalazimika kujifunza mengine. Mara nyingi anajifunza usiku, kwa bando lake mwenyewe.

Nne, na hili ndilo linaloumiza zaidi: mwaka wake wa kwanza alifanya kazi bila mkataba, akilipwa kitu kinachoitwa posho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Bila karatasi, utadai kwa lipi?

Sisemi usimsomeshe. Nasema kijana akipata kazi, aulize haya kabla ya kuanza:

- Mkataba wa maandishi upo?
- Michango ya NSSF inapelekwa?
- Nauli na malazi ya safari analipa nani?
- Simu za usiku na Jumapili zinahesabiwa saa za ziada?

Na kwako mzazi: ukilazimika kuuza, uza dume, mtamba mwache zizini. Mwaka wa kwanza wa ajira kijana anaweza bado kukuomba nauli, na maziwa ya mtamba huyo akizaa ndiyo yatakayoilipa.

Kazi njema.