Laptopu mpya isiyoongezwa kitu

Wadau, leo hakuna video. Kuna maandishi tu, na mtajua kwa nini.

Mwaka jana nilinunua laptopu mpya hapa Migori, shilingi 38,000. Pesa ya harusi tatu nilizopiga picha, na nyingine mama alinikopea kwa chama chao. Nyembamba, nyepesi, unaiweka kwa begi na unasahau iko. Muuzaji akaniambia, "Hii ni ya kisasa, boss." GB 128 niliziona, lakini nikajiambia zikijaa nitaongeza, vile kaka yangu alikuwa anaongeza kwa laptopu yake ya zamani.

Sasa piga hesabu na mimi. Windows 11 peke yake, Microsoft wanasema uitengee angalau GB 64. Ukirekodi 4K kwa iPhone, kila dakika inakula karibu MB 170, yaani GB 10 kwa saa moja. Ongeza programu ya kuhariri, ongeza picha za harusi za watu. Siku niliyotoka kurekodi Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe kule Nyatike, mashine ilikataa hata kupokea video. Nafasi imejaa.

Nikaenda kwa fundi. Akafungua mgongo kwa bisibisi na kipande cha plastiki, akanyamaza kidogo. "Omera, hapa hakuna pa kuongeza." Akanionyesha: chipu ya kuhifadhia imechomelewa kwenye bodi, RAM pia, na hakuna tundu la ziada hata moja. Kuongeza ni kununua nyingine. Nilikasirika, na nilijikasirikia pia, kwa sababu kabla ya kulipa sikuuliza hilo swali moja.

Na si laptopu za bei ya chini pekee. Apple walichomelea RAM kwa MacBook Air ya 2008, na MacBook Pro ya Retina ikafuata 2012. Watengenezaji husema ndiyo njia ya kupata mashine nyembamba na yenye kasi, na si uongo wote. Lakini 2021 kampuni ya Framework kule Marekani ilitoa laptopu nyembamba ambayo unaifungua mwenyewe, unabadilisha RAM na SSD. Kwa hivyo inawezekana. Mtu aliamua tu, na gharama ikatua kwangu.

Mtasema weka kwa wingu. Google wanakupa GB 15 bure. Hiyo ni saa moja na nusu ya video zangu, na kuzipandisha kwa bando langu… acha tu.

Basi nikafanya kile wengi wetu hufanya. Nilinunua flashi kwa mchuuzi pale steji, imeandikwa GB 512, shilingi 700. Nikahamishia folda ya Homa Bay, nikaifuta kwa laptopu. Ndani yake kulikuwa na dakika 52 za nyanya yangu, ameketi nje ya nyumba, akisimulia vile meli zilikuwa zinatia nanga Homa Bay na Kendu Bay, akina nani walikuwa wanapakia samaki, na vile siku ya kuolewa kwake meli ilimwacha. Alicheka mpaka leso ikaanguka.

Flashi ilikuwa feki. Hizo hupangwa ziidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Nafasi ya kweli ikiisha, kinachofuata kinaandikwa hewani. Majina ya faili yote yapo. Ukifungua, kijivu tupu. Fundi alihangaika siku mbili, akajaribu na laptopu yenyewe pia, akaokoa sekunde 40 za mbuzi.

Nyanya yuko. Lakini Agosti alipata kiharusi na maneno hayatoki vile. Anajua ni mimi, ananishika mkono, anaanza jina langu anaishia katikati.

Ile nyembamba nimeiuza kwa hasara. Sasa natumia ThinkPad T420, toleo la 2011, nzito kama tofali. Kufikia diski ni skurubu moja. Fundi aliweka SSD ya TB 1 na kuongeza RAM nikiangalia. Windows 11 haimkubali mzee huyu, kwa hivyo nimeweka Linux, bure. Kuhariri ni pole pole kweli. Naiacha usiku, asubuhi naikuta asilimia 80. Hiyo naweza kuvumilia. Wewe ukienda kununua, mwambie muuzaji akuonyeshe pa kuongeza diski. Akianza kukusifia rangi, ondoka.

Jumamosi napanda matatu, Awendo, Rongo, mpaka Homa Bay. Shangazi alikuwa ameketi pale siku tuliporekodi, na anasema hadithi ya meli anaikumbuka, ila anadhani ilikuwa Kendu Bay. Nitamrekodi akiwa kando ya nyanya. Nyanya bado anatikisa kichwa akisikia mtu amekosea.