Wacheni Kumsingizia Turbo

Mvua ikinyesha Ndhiwa siku mbili mfululizo, udongo wetu mweusi unageuka gundi. Boda boda zinapaki, Probox zinakwama, na mtu wa Magina au Pala aliye na mzigo anaanza kupiga simu moja tu: "Uko na pikapu ya four-by-four?" Hapo ndipo unaelewa kwa nini kwetu kubishana kuhusu injini si mchezo wa watu wenye pesa. Mama akishikwa na uchungu saa nane usiku, pikapu ya jirani ndiyo ambulensi. Ikikataa kutoka kwenye matope, hakuna ya pili.

Sasa ule ubishi wenyewe mnaujua. Kuna kambi ya turbo na kambi ya "toa hiyo kitu kwangu." Kambi ya pili inaapa kwa jina la Land Cruiser ya injini ya 1HZ. Wale wa turbo wanawacheka, wanasema hiyo ni trekta yenye viti. Mimi nimeshinda kwa gereji nyingi za Ndhiwa na Rodi Kopany nikishoot video, nimeskiza mafundi mpaka nikachoka, na nasema hivi: wasee wengi wanaomtukana turbo wanamtukana mtu asiye na makosa.

Tuanze na kazi yake, kwa sababu wengi wanaongea tu. Injini inahitaji hewa na mafuta. Isiyo na turbo inavuta hewa yenyewe, vile wewe unavuta pumzi. Yenye turbo inatumia moshi unaotoka kuzungusha feni ndogo, na hiyo feni inazungusha nyingine inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikizidi, unaweza kuchoma mafuta zaidi, na nguvu inapanda bila injini kuwa kubwa. Wazo lenyewe ni mzee kuliko babu yako: Alfred Büchi wa Uswisi alilisajili mwaka 1905.

Angalia namba. Hiyo 1HZ ilitoka mwaka 1990, silinda sita, lita 4.2, na inatoa nguvu ya farasi kama 130 hivi. Nguvu yake ya kuzungusha ni kama Nm 285, kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Hilux ya lita 2.8 yenye turbo iliyoanza mwaka 2015, ile ya gia za mkono, inatoa Nm 420 kuanzia mizunguko 1,400 tu. Soma hiyo tena. Injini ndogo, nguvu zaidi, na inaipata mapema zaidi. Kwa hivyo ile hadithi ya "turbo inalala chini, inaamka ukiwa umeshakwama" ilikuwa ya magari ya zamani. Haijafa kabisa, lakini imezeeka.

Halafu kuna kitu ambacho watu wa kwetu hawakihesabu: mwinuko. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na Ndhiwa iko juu kidogo ya hapo. Hewa huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Yaani ile Cruiser ya farasi 130 ikiwa Ndhiwa imeshaacha asilimia kumi na kitu njiani kabla hata hujaweka gunia moja. Panda mpaka Kisii, zaidi ya mita 1,700, inapoteza zingine. Turbo inaziba hilo pengo kwa sababu inasukuma hewa yenyewe.

Na Kenya tumeliona hili kwenye Safari Rally kitambo. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun zisizo na turbo. Wakati huo ungesema turbo haitaweza vumbi na matope yetu. Mwaka 1984 Björn Waldegård akaja na Toyota Celica yenye turbo, akashinda. 1985 ikashinda tena na Juha Kankkunen, 1986 ikarudi kwa Waldegård. Barabara ilikuwa ile ile ya kuvunja magari.

Sasa mbona mafundi wetu wanaiogopa? Hapa ndipo penye kesi.

Pikapu ya kisasa ikifika gereji imekufa, mara nyingi kinachoanza kuuma ni injekta, pampu ya presha kubwa, au sensa. Hizi injini mpya zinapiga dizeli kwa presha kali sana kupitia matundu madogo sana. Dizeli ikiwa na maji, uchafu au imechanganywa na mafuta ya taa, hizo injekta zinakufa. Na uchanganyaji ni shida ya kweli. Mwaka 2018 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ikitaja hiyo sababu wazi. Ile 1HZ ya zamani ina pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, inavumilia mengi. Kwa hivyo mtu anasema "turbo imeniua," kumbe ni mafuta ya jerikeni ya kando ya barabara.

Ushahidi mwingine uko mbele ya macho yetu. Yale malori makubwa yanayobeba miwa kwenda kiwanda cha Ndhiwa au Sony kule Awendo, hebu angalia chini ya kebini. Mengi yana turbo. Yanafanya kazi mchana na usiku, yamejaa kupita kiasi, na hakuna anayesema turbo haiwezi shamba.

Lakini sitasema turbo ni malaika. Feni yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inaelea juu ya oili ya injini. Ukiweka oili ya bei rahisi, au ukiruka servisi mara mbili kwa sababu biashara ni mbaya, itakusalimia. Ukitoka kupanda na mzigo usizime injini papo hapo, iache ingurume dakika moja au mbili ipoe. Mabomba yake ya hewa yakipasuka gari linatoa moshi mweusi na linakuwa zito. Na kwa matope laini kabisa, nguvu inayokuja ghafla inaweza kuzungusha magurudumu ukachimba kaburi lako, wakati ile 1HZ inatambaa polepole kama ng'ombe wa jembe. Hiyo sifa ni yake, naiheshimu.

Kitu kingine: ukiambiwa na fundi kwamba atakufungia turbo kwenye 1HZ yako, omera, kimbia. Ile injini haikuundwa kwa ajili hiyo. Joto linazidi, na bili ya kichwa cha injini kilichopasuka itakufanya uuze ng'ombe.

Haya yote yamenihusu mwaka huu kwa sababu ya Nera, ndugu ya mama yangu. Ananunua mahindi na njugu vijijini, anauza Rodi na Kisii, na amepata mkopo wa chama kununua pikapu moja. Moja tu. Ikisimama mwezi mzima gereji, mkopo hausimami. Aliniuliza kwa sababu nina mdomo wa magari mtandaoni. Chuo sikumaliza, lakini kwa familia mimi ndiye injinia.

Nikamwambia, "Nera, chukua ile Cruiser ya zamani isiyo na turbo. Fundi yeyote Ndhiwa anaifungua akiwa amefumba macho."

Akanijibu polepole, vile wazee hufanya: "Wewe unaangalia matope. Matope ni ya miezi michache. Mimi mlima wa Kisii ni wa kila wiki, na dizeli nanunua kila siku. Hiyo yako inakunywa kama harusi."

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kuna jibu moja. Hesabu yake ni ya kweli na yangu pia ni ya kweli. Tukakaa chini tukaandika maswali manne, na nawaachia nyinyi pia kabla hamjatoa pesa.

Moja: nani atairekebisha, na yuko umbali gani? Kama mtu wa kusoma kompyuta ya gari yuko Kisumu, ongeza gharama ya kuivuta mpaka huko.

Mbili: dizeli utaweka wapi? Kama huwezi kusema jina la petroli stesheni unayoiamini, usinunue injini ya presha kali.

Tatu: njia yako ni matope au ni mlima? Mlima na mzigo, turbo inashinda bila ubishi. Matope tu, tairi nzuri na gia ya chini vinakusaidia kuliko kitu chochote chini ya boneti.

Nne: pesa ya servisi iko wapi sasa hivi? Si ya kununua gari. Ya oili na filta za mwaka wa kwanza, iwekwe kando kabla ya kusaini.

Nera bado anatafuta, na anaegemea turbo. Safari hii ametenga pesa ya servisi kwenye akaunti tofauti kabisa, na kwangu hiyo ndiyo habari kubwa kuliko injini yenyewe. Gari la kijiji haliuliwi na turbo. Linauliwa na mwenyewe kununua kitu cha bei yake ya mwisho, bila kubakisha hata ya oili.