Kwarteti ya Ravel na ukungu uliokuja baadaye

Nikiikumbuka kwarteti ya nyuzi ya Maurice Ravel, siikumbuki kama kitu kimoja. Nakumbuka makundi mbalimbali, kila moja na sauti ya miaka yake, na rekodi hizo zikipangwa kuanzia 1927 hadi 2008 zinasimulia mabadiliko ambayo karatasi ya nota haiwezi kuyaonyesha. Kazi yenyewe haijabadilika tangu Ravel alipoirekebisha kwa ajili ya chapa ya Durand ya mwaka 1910: fidla mbili, viola na chelo, sehemu nne, muda wa kama nusu saa. Kilichobadilika ni matarajio yetu. Siku hizi msikilizaji akiambiwa muziki wa Kifaransa wa enzi hizo hutegemea ukungu, yaani sauti laini zinazoyeyukiana, mwendo wa kusitasita, kila kituo kikikawizwa ili rangi zake zifaidiwe. Ninachodai ni kwamba ukungu huo si wa Ravel. Uliingia baadaye, kwa kiasi kikubwa kupitia mitambo ya kurekodia na mazoea ya soko la santuri. Rekodi za mwanzo, zile ambazo mtunzi alizisikia kwa masikio yake, zinatupa kazi kavu zaidi, yenye kingo zilizo wazi, na kwangu mimi hiyo ndiyo bora.

Sehemu ya chanzo cha mkanganyiko huu ni Debussy. Kwarteti yake ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Paris Desemba 1893 na kundi la Ysaÿe. Ravel alipoandika ya kwake mwaka 1902 na 1903, akiwa bado chini ya mwalimu wake Gabriel Fauré, ambaye ndiye aliyetunukiwa kazi hiyo, alikuwa na mfano huo mbele yake na hakuuficha: sauti ile ile ya mwanzo inarudi katika sura mpya kwenye sehemu nyingine, na sehemu ya pili inafunguka kwa nyuzi zinazodonolewa kwa vidole. Santuri ya muda mrefu ilipofika mwaka 1948, ikawa rahisi mno kuweka Debussy upande mmoja na Ravel upande wa pili. Tangu hapo wamefungishwa ndoa. Kundi linalorekodi wote wawili katika juma moja, kwa maikrofoni zile zile na ukumbi ule ule, huwa na kishawishi cha kumpiga wa pili kwa mkono uliozoea wa kwanza. Lakini Ravel alikuwa mtoto wa mhandisi, nyumba yake ya Montfort-l'Amaury ilijaa vidude vya kujiendesha kwa springi, na Stravinsky anasemekana alimfananisha na fundi saa wa Uswisi. Sehemu ya pili ya kwarteti inakwenda kwa hesabu mbili kwa pamoja, sita kwa nane na tatu kwa nne. Ya nne inaanza kwa tano kwa nane, kwa hamaki. Hesabu za namna hiyo zikifunikwa na ukungu hakuna kinachobaki.

Ushahidi wangu mkuu ni rekodi mbili. Ya kwanza ilifanywa London mwaka 1927 na International String Quartet, kundi lililoongozwa na André Mangeot, kwa ajili ya chama cha wapenda santuri kilichoanzishwa na mwandishi Compton Mackenzie. Ravel aliisikiliza na kuipa idhini yake. Ya pili ni ya 1934, ya kundi la Galimir kutoka Vienna, Felix Galimir na dada zake watatu, waliorekodi kwa kampuni ya Polydor chini ya usimamizi wa mtunzi. Hazifanani kwa kila jambo. Kundi la London linanyumbuka zaidi na la Vienna limenyooka zaidi, karibu na ukali. Lakini zote mbili zinakataa kusimama njiani ili zijisikilize. Wimbo wa mwanzo wa sehemu ya kwanza, ambao katika rekodi nyingi za baadaye hupigwa kana kwamba mtu anausimulia usingizini, hapa unatembea kwa miguu miwili, na sauti za ndani za fidla ya pili na viola zinasikika zikifanya kazi yake. Na tazama walivyo wapigaji hawa: Mangeot ni Mfaransa aliyehamia Uingereza, ndugu wa Galimir ni wa Vienna. Mtunzi hakuonekana kudhani kwamba siri ya kazi yake imo katika damu ya Paris.

Kuna kitu kingine katika rekodi hizo kinachomtatiza msikilizaji wa leo, nacho ni kuteleza kwa kidole. Mpigaji anapohama kutoka nota moja kwenda nyingine hakiinui kidole, anakiburuza juu ya uzi ili sauti ipite njia nzima. Wapo wanaocheka wakisikia hivyo na kusema ni uzee. Msikilizaji aliyelelewa na taarab hana sababu ya kucheka, maana fidla ya Unguja haijawahi kuona haya kuteleza. Wakati huo huo, ule mtetemo wa kidole cha mkono wa kushoto, ambao baadaye ulikuja kupakwa kila mahali, ulikuwa wa uchache. Kwa Lucien Capet, aliyeirekodi kwarteti hii mjini Paris mwaka 1928 na kufariki mwaka huo huo, uchache huo ulikuwa karibu itikadi: alitaka upinde ndio uimbe. Kwa hiyo kizazi cha Ravel kilikuwa na njia zake za kueleza hisia bila kuongeza unene wa sauti wala kupunguza mwendo, na hilo ndilo tulilolipoteza.

Nitaambiwa kwamba haraka ile ililazimishwa na sahani. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba dakika nne na kidogo, basi wapigaji walikimbizana na sindano. Hoja hii ina uzito, na kwetu ina historia: Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, nyimbo za kukesha nazo ziliingizwa katika dakika chache za upande mmoja. Lakini kufupisha wimbo si sawa na kuukimbiza, na kazi iliyoandikwa nota kwa nota haina beti za kupunguza. Sahani ikijaa, inaongezwa nyingine. Miaka ile ile ya 1930, kundi la Busch lilirekodi kwarteti za mwisho za Beethoven kwa sehemu za polepole zinazokwenda taratibu kuliko karibu wote waliofuata, upande baada ya upande, na sahani haikuwazuia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 1934 Ravel alikuwa tayari ameshikwa na ugonjwa wa ubongo uliomnyang'anya uwezo wa kuandika, na alifariki Desemba 1937. Usimamizi wa mtu katika hali hiyo una thamani gani? Ningelikubali pingamizi hili kama rekodi ya Galimir ingesimama peke yake. Ya London ilimkuta bado mzima, kabla hata ya Boléro, na makundi haya mawili yasiyohusiana yanakubaliana katika jambo lile ninalolitetea. Zaidi ya hapo tunajua alivyokuwa mkali juu ya mwendo. Toscanini alipoipiga Boléro mjini Paris Mei 1930, Ravel alilalamika waziwazi kwamba ameikimbiza. Huyu hakuwa mtu wa kupenda mbio kwa ajili ya mbio. Katika kwarteti ameandika robo nota 120 kwa dakika juu ya sehemu ya kwanza, na pembeni yake agizo kwamba ipigwe kwa upole sana. Vizazi vilivyofuata vimeshika upole na kuisahau namba.

Kilichotokea baada ya vita ni kwamba mashine ilianza kupendezesha. Utepe wa sumaku uliruhusu kukata na kuunga, sauti ya pande mbili ikaleta nafasi, na kampuni zikachagua kumbi zenye mwangwi mzuri. Nota katika ukumbi wa namna hiyo haifi upesi, na mpigaji mwenye akili anaisubiri. Hapo ndipo naona mwendo ulipolegea, kwa adabu kabisa, bila mtu kuamua. Kilele chake ni Quartetto Italiano, Philips, 1965. Sitaisema vibaya rekodi hiyo. Sehemu ya tatu, ile ya taratibu sana, viola ya Piero Farulli ina giza ambalo sijalisikia kwingine, na watu hawa, ambao kwa miaka walipiga bila karatasi mbele yao, wanavuta pumzi moja. Anayeniambia kwamba uzuri huo unatosha, hata kama Ravel hakuuwaza, simjibu kwa idhini ya mtunzi, kwa kuwa idhini si sheria. Namjibu kwa sehemu ya pili. Huko uzuri wenyewe unakuwa kizuizi: nyuzi zinadonolewa kwa unene mno, hesabu zile mbili zinabandikana, na mchezo wa Ravel unageuka kuwa pambo. Uzuri ulioifaa sehemu ya tatu umemwagwa juu ya nyingine zote.

Ndiyo maana Quatuor Ébène walipotoa Debussy, Fauré na Ravel mwaka 2008, rekodi iliyotajwa na jarida la Gramophone kuwa bora ya mwaka 2009, nilisikia kitu kinachorudi nyuma huku wengi wakikisifu kwa upya wake. Vijana wanne kutoka konsevatori ya Boulogne-Billancourt, wazoefu wa jazi, wanaunyima uzi mtetemo pale wanapotaka, wanabadili mwendo katikati ya sentensi, wanaiacha sauti iwe nyembamba hadi inakaribia kukatika. Mtetemo wa hiari, si wa lazima: Capet angeuelewa. Hata hivyo kuteleza kwa kidole hawakukurudisha ila kidogo, na maikrofoni iko karibu mno kiasi kwamba kila mnong'ono wao unakuwa tukio. Katika sehemu tatu za kwanza nawaweka mbele ya wote wa baada ya vita. Katika ya nne bado nawachagua ndugu wa Galimir, pamoja na mikwaruzo ya sahani yao, kwa sababu hesabu ya tano pale inauma, na Ébène, kwa ustadi wao wote, wameifanya isikike rahisi.