Mgongo wa Upinde

Mwezi wa Agosti, mwaka 1911, mtu mmoja wa kabila la Yahi alitokea peke yake karibu na mji wa Oroville, katika California, Marekani. Jamaa zake wote walikuwa wamekwisha kufa, na wengi wa kabila lake waliuawa na wageni waliotwaa nchi yao. Jina lake mwenyewe hakulitaja, basi akaitwa Ishi, maana yake "mtu" katika lugha yao. Alikaa San Francisco, katika nyumba ya makumbusho ya chuo kikuu, hata alipofariki mwaka 1916. Huko mganga mmoja, Saxton Pope, alifanya urafiki naye, akajifunza kwake kazi ya pinde. Mwenye elimu kubwa akawa mwanafunzi wa mtu asiyejua kusoma. Kama asingalikubali, mengi ya kazi ile yangalizikwa pamoja na mwenyewe.

Upinde una mgongo na tumbo. Tumbo humwelekea mpiga mshale, na mgongo huelekea mbele. Ugwe ukivutwa, tumbo hubanwa na mgongo hunyoshwa. Basi uzi mmoja wa mti ukiwa umekatwa mgongoni, ncha yake huinuka, ikawa kibanzi, na kibanzi kikawa ufa. Upinde ukavunjika mkononi. Ndiyo sababu mgongo huvikwa. Ishi alichagua mti wa jamii ya mtarakwa, akaukwaruza mgongo wake, akaupaka sherizi ya ngozi za samaki zilizochemshwa. Kano za paa alizitafuna mpaka zikalainika, akazibandika tabaka juu ya tabaka. Pope alipochonga zake alitumia ngozi mbichi ya ndama, nyembamba. Kano huuongezea upinde nguvu. Ngozi huongeza kidogo sana, kazi yake ni kuzuia vibanzi visiinuke.

Wako wadhanio kwamba ngozi itasitiri mgongo mbaya. Sivyo hata kidogo. Kila mwaka mti huongeza duara moja, na fundi hodari huifuata duara moja toka ncha hata ncha bila kuitoboa. Penye kifundo mti huinuka. Hapo hakwangui pawe sawa, bali huacha kinundu kama kilivyo, ingawa macho hayapendezwi. Shoka halina kazi hapa. Hutumia kisu kisicho kikali mno, au kipande cha kioo, polepole, akigeuza upinde kwenye mwanga. Kingo kali huzifanya mviringo, kwa kuwa ngozi hailali vema juu ya pembe. Tena mkono wenye mafuta usiguse tena, maana sherizi haishiki penye mafuta.

Ndipo sherizi nyepesi, ya moto, hupakwa ili iingie ndani ya mti. Ngozi hulowekwa majini muda wa saa moja, hufutwa, hulazwa juu ya sherizi nzito, hukandamizwa kwa vidole mpaka hewa yote itoke. Pope aliifunga kwa vitambaa vya vidonda, na hapo uganga wake ulimfaa. Mwaka 1925 yeye na rafiki yake Arthur Young walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa pinde na mishale.

Vitambaa havifunguliwi mpaka siku kadhaa zipite. Ngozi ikikauka, huwa ngumu kama pembe. Kingo zake zilizozidi huondolewa kwa tupa. Tangu hapo fundi hupunguza tumbo tu.