Maganda ya konokono pembeni ya Tanganyika

Sisi wa Kalemie tunapeleka watoto ziwani karibu kila siku, lakini mara nyingi ni kwa kazi: kuchota maji, kufua vikwembe, kungojea ndagala. Siku ya posho tunawapa saa moja ya kutafuta maganda ya konokono kwenye mchanga.

Maganda hayo si takataka. Kuna konokono mkubwa, wataalamu wanamwita Neothauma, ambaye haishi popote duniani isipokuwa Tanganyika. Akifa, ganda lake linaweza kudumu mamia ya miaka. Mtoto anaweza kuokota ganda la konokono aliyekufa kabla babu ya babu yake hajazaliwa.

Tuna sheria tatu. Kwanza, waokote yaliyo kwenye mchanga mkavu tu. Ya majini wayaache, maana kuna samaki wadogo wanaotaga mayai ndani yake. Ukibeba ganda umebeba nyumba yao. Pili, mama mmoja asimame daima kati ya watoto na maji, kwa ajili ya mawimbi na mamba. Tatu, maji ya ziwa wasinywe, na mikono wanawe kwa sabuni kabla ya kula. Kipindupindu tunakijua.

Saa hiyo haileti hata franka moja. Lakini watoto wetu wamezoea kusikia kwamba mambo ya ajabu yako mbali, kwa watu wengine. Tunataka wajue kwamba ziwa lao lina umri wa mamilioni ya miaka. Anayejua hivyo hatalitupia uchafu.