Chungu cha Roma Hakikuwa na Nyanya

Kuuliza si ujinga. Methali hii yamfaa kila mtu aazimuye kutunga hadithi ya Wakristo wa kwanza, kwa maana mtihani wake wa awali hautokei kwenye mahubiri, bali jikoni. Tuseme mhusika wake ni mama mkaa Roma katika enzi ya Kaisari Nero, aliyetawala tangu mwaka 54 hadi 68. Jua linakuchwa, na ndugu wa imani watakuja kusali kwa siri. Je, mama huyo atawaandalia nini?

Akitia nyanya chunguni, hadithi imekwisha haribika. Nyanya, mahindi na viazi ni mazao ya Amerika, nayo hayakujulikana Ulaya kabla ya safari ya Kolumbus ya mwaka 1492. Mama wa Roma alijua mkate wa ngano, dengu, kabichi, zeituni, na kiungo cha majimaji kilichotokana na samaki waliochachishwa kwa chumvi. Tena, kama alipanga chumba kimoja katika jumba la ghorofa, yamkini hakuwa na jiko kamwe. Maskini wengi walinunua chakula cha moto katika vibanda vya barabarani. Vibanda vya namna hiyo vimefukuliwa huko Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79.

Katika jambo moja msomaji wa Kiswahili amebahatika. Injili ya Marko yasimulia kwamba Yesu alisulubiwa saa tatu, na giza likaingia tangu saa sita hata saa tisa. Mzungu hulazimika kupiga hesabu. Mswahili huelewa mara moja, kwani naye huanza kuhesabu saa za mchana tangu mapambazuko. Hata hivyo na ajihadhari: Warumi waliugawa mwanga wa mchana katika sehemu 12 siku zote, hivyo saa ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko saa ya majira ya baridi.

Mtu aliyeijua taabu hii ni Lew Wallace wa Marekani, mwanasheria na jenerali wa zamani. Alikuwa ameanza hadithi fupi juu ya Mamajusi, bila ya kujishughulisha sana na dini. Mwaka 1876 alisafiri kwa treni pamoja na Robert Ingersoll, msemaji mashuhuri aliyeipinga imani ya Kikristo. Wallace alimsikiliza kwa muda mrefu, kisha akatambua kwamba hakuwa na neno la kujibu, wala la kukubali, wala la kukataa. Aliposhuka Indianapolis aliacha kupanda gari la abiria, akatembea gizani peke yake, huku ameona haya kwa ujinga wake.

Haya hiyo ndiyo iliyomfanya mwanafunzi. Alisoma vitabu na ramani za nchi ambayo hakupata kuiona. Alifunga safari hadi maktaba za Washington na Boston ili ajue jinsi makasia yalivyopangwa ndani ya merikebu ya vita ya Kirumi. Mwaka 1878 aliteuliwa kuwa gavana wa New Mexico. Mchana alishughulikia kazi ya serikali, usiku akaandika kwa mwanga wa taa. Kitabu chake, Ben-Hur, kilitoka mwaka 1880, na mwenyewe alikiri kwamba alipokimaliza alikuwa amekwisha amini.

Lakini hapa pana funzo chungu. Wallace alimfanya shujaa wake mtumwa aliyehukumiwa kuvuta makasia katika merikebu za Roma. Wanahistoria wametuonyesha kwamba wapiga makasia wa jeshi la majini la Roma kwa kawaida walikuwa watu huru waliolipwa mshahara. Wafungwa wa kufungwa minyororo kwenye makasia ni habari ya bahari ya Mediterania ya karne za baadaye sana. Wallace aliyachunguza makasia kwa bidii, lakini hakuuliza ni mikono ya nani iliyoyashika. Kosa hilo limeenea katika vitabu na sinema, na mamilioni ya watu hulishika kama historia.

Je, kosa hilo laibatilisha kazi yake? La, hasha. Lakini latuonya kwamba jambo tulionalo dhahiri mno ndilo tusilolichunguza. Anayeandika juu ya imani amebeba amana mara mbili, kwa kuwa msomaji akimkuta mwongo katika habari ya chungu au ya kasia, atamsadiki vipi anaposimulia habari ya msalaba? Basi na aulize tena, hata pale anapodhani anajua.