Chuo, Mlango na Kizingiti

Neno chuo limesafiri safari ndefu katika lugha yetu. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa kitabu, na mwenye vyuo alikuwa mtu wa kutafutwa penye mas'ala mazito. Baadaye jina la kitabu likahamia kwenye nyumba kinamosomwa, na hadi leo hapa Visiwani mtoto akisema anakwenda chuoni, mzazi huelewa kuwa kabeba juzuu yake kwapani. Kisha likaja neno chuo kikuu, likabeba majengo, mitihani, joho na cheti. Katika safari hiyo neno limepata ukubwa, lakini limepata pia mlango, na penye mlango hapakosi bawabu. Kitabu humfungukia yeyote ajuaye kusoma. Jengo humfungukia aliyeruhusiwa.

Nayasema haya kwa kuwa mimi ni mtu wa chuo kwa maana ile ya kwanza tu. Skuli niliiacha baada ya kidato cha pili, nikaingia dukani kuuza vipuri vya baiskeli, na Kiingereza nikajifunza nyuma ya meza ya duka kwa kamusi ya Johnson iliyokuwa imeshapoteza jalada lake. Ni miaka thelathini sasa natunga na kufasiri. Na ni katika kufasiri ndipo nilipokutana na chuo kimoja cha mbali ambacho sikukitafuta: City College, chuo cha umma cha jiji la New York, kilichosimama juu ya kilima katika Harlem. Nilikuwa nikishughulika na mashairi ya Audre Lorde, kisha ya June Jordan, kisha ya Adrienne Rich, na kila nilipofungua maelezo ya maisha yao nilikuta jina lile lile. Wote watatu walisomesha hapo mwishoni mwa miaka ya 1960, na wote walisomesha jambo moja: kuandika, tena kwa vijana ambao jiji lao halikutarajia kuwa wataandika.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1847 kwa jina la Free Academy, yaani akademia ya bure. Wapiga kura wa jiji waliulizwa kama wanaridhia fedha za umma zisomeshe vijana wasio na uwezo, nao wakajibu kwa wingi mkubwa kuwa wanaridhia. Aliyeipigania hoja hiyo, Townsend Harris, alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya kaure kutoka Uchina, aliyeacha skuli akiwa na miaka 13 na kujisomesha mwenyewe. Baadaye akawa mjumbe wa kwanza wa Marekani kukaa Japani. Nilipolisoma hilo nilitabasamu peke yangu. Aliyekosa mlango ndiye aliyefikiri kuujenga.

Mwaka 1907 chuo kikahamia kilimani kilipo sasa, katika majengo ya mawe meusi yaliyochimbwa Manhattan yenyewe, ambayo nayo, msomaji, ni kisiwa kama chetu. Ada hapakuwa. Kwa hiyo wakaja watoto wa washona nguo na wachuuzi, wengi wao Mayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki, katika zama ambazo vyuo vya matajiri viliweka kikomo cha idadi ya Mayahudi watakaopokewa. Jonas Salk, aliyeleta chanjo ya kupooza mwaka 1955, alimaliza hapo 1934. Katika ukumbi wa chakula palikuwa na vichumba vya pembeni vyenye mabenchi, na kila kundi la wanafunzi lilikuwa na chake. Katika miaka ya 1930 cha kwanza kilikuwa cha wajamaa waliompinga Stalin, cha pili cha waliomfuata, na mabishano yalianza asubuhi yakaendelea hadi jioni. Irving Howe, Daniel Bell, Nathan Glazer na Irving Kristol, waliokuja kuwa majina makubwa ya fikra za Marekani, walinolewa katika kile cha kwanza. Sisi watu wa pwani hatuhitaji maelezo zaidi. Hiyo ilikuwa barza, na mwenye kujua barza anajua kuwa nusu ya elimu hupatikana nje ya darasa, kwa kubishana na mtu asiyekuogopa.

Lakini mlango ulioitwa wazi haukuwa wazi kwa wote. Wanawake hawakupokewa kwa ukamilifu katika masomo yote hadi 1951. Na kilima kile kilizungukwa na Harlem, ilhali watoto wa Harlem waliokuwamo ndani walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1965 ulianzishwa mpango wa kuwaingiza vijana wachache ambao skuli zao hazikuwaandaa vya kutosha, na ni mpango huo uliowaita washairi niliowataja. Tarehe 22 Aprili 1969 wanafunzi Weusi na wa asili ya Puerto Rico wakayafunga mageti ya upande wa kusini wa chuo, wakakaa humo wiki mbili. Walitaka, pamoja na mengine, wanaopokewa wafanane na watoto waliomo katika skuli za jiji, na wanaosomea ualimu wajifunze Kispania. Mwaka uliofuata jiji likatangaza kuwa kila amalizaye sekondari atapata nafasi katika mojawapo ya vyuo vyake. Wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza katika vyuo hivyo vyote, waliokuwa takriban 20,000, wakawa takriban 35,000 kwa msimu mmoja.

Hapo ndipo kilipoonekana kizingiti. Mwenye nyumba kongwe ya Mji Mkongwe anajua kuwa mlango waweza kuachwa wazi mchana kutwa, na mgeni bado akajikwaa kwa kuwa hakuambiwa kuwa ipo boriti miguuni. Kizingiti cha chuo kile kilikuwa lugha. Waalimu walipokea karatasi ambazo hawakupata kuziona mfano wake: sentensi zilizoanza na zisiishe, vitenzi vilivyopotea njiani, tahajia iliyofuata sikio. Wapo waliosema kuwa hawa hawasomesheki. Mwalimu mmoja, Mina Shaughnessy, aliyeongoza ufundishaji wa uandishi katika mpango ule, akachukua njia nyengine. Alikusanya insha takriban 4,000 za wanafunzi hao, zilizoandikwa kati ya 1970 na 1974, akazisoma kama tusomavyo sisi mswada wa kale wenye kuliwa na mchwa, akiuliza: huyu aliyeandika hivi, alikuwa akitafuta nini? Katika kitabu alichokitoa mwaka 1977, mwaka mmoja kabla ya kufariki, akaonesha kuwa makosa yale yalikuwa na kanuni zake. Mwandishi anayeanza hakosei ovyo. Hukosea kwa kufuata mantiki, ila mantiki hiyo ni ya lugha ya nyumbani, au ya kanuni aliyofunzwa nusu, au ya hofu.

Mas'ala haya kwangu si ya vitabuni tu. Binti wa dada yangu, aliyehamia Marekani na wazazi wake akiwa msichana, anasomea uhandisi katika chuo hicho hicho. Hunipigia simu siku za Jumapili. Ananiamkia, naitikia marahaba, kisha ananihadithia. Anaishi Bronx, huondoka nyumbani kungali giza, hubadilisha treni, na kushuka kituo cha Mtaa wa 137 chenye jina la chuo, kisha hukipanda kilima kwa miguu. Jioni anafanya kazi katika duka la dawa hadi saa nne za usiku. Anasema wanafunzi wengi aliowazoea hawaishi chuoni wala hawana muda wa kukaa chuoni. Hufika, husoma, huondoka mbio kwenda kazini au kulea. Maktaba yake ni treni. "Mjomba," aliniambia, "mimi hesabu zangu nimezijua nimesimama." Karibu yake darasani hukaa mwenye kusema Kibangla, nyuma yake Kispania, mbele Kiarabu, na wote hukutana katika Kiingereza ambacho hakuna miongoni mwao aliyekipokea kwa mama.

Muhula wake wa kwanza aliandika insha juu ya bibi yake, yaani mama yangu. Ilikuwa insha nzuri, lakini bibi alikuwa mwanamke katika mstari mmoja na mwanamme katika mstari wa pili. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kilichotokea. Sisi tuna yeye mmoja, na yeye wetu haulizi jinsia; Kiingereza kina wawili na lazima uchague kila unapofungua kinywa. Msichana alikuwa akifikiri kwa yeye wetu na kuandika kwa yeye wao. Katika kituo cha kuwasaidia wanaoandika alikaa na mwanafunzi mkubwa aliyemuuliza, kabla ya kushika kalamu, lugha ya kwao husemaje jambo hili. Akaeleza. Wakacheka wote wawili, na kosa lile halikurudi tena. Swali hilo moja ndilo lililokuwa limeandikwa katika kitabu cha 1977, na nadhani lina thamani kuliko kalamu nyekundu elfu.

Mimi sikuulizwa swali hilo. Zamani, nilipopeleka tafsiri yangu ya kwanza katika ofisi moja ya uchapishaji, bwana aliyeipokea hakuifungua. Aliniuliza nimesoma wapi, nikamjibu, akanirudishia bahasha kwa adabu. Laiti angaliifungua akaniambia kuwa ni mbovu, ningalirudi nyumbani na kitu cha kufanyia kazi. Kukataliwa maandishi ni sehemu ya kazi. Kukataliwa kabla ya kusomwa ni jambo jengine kabisa, na ndilo lililowapata maelfu ya vijana wa jiji lile kabla ya 1969.

Hadithi ya kilima kile haikuishia kwenye furaha. Mwaka 1975 hazina ya New York ilikaribia kufilisika, na mwaka 1976 ada ikawekwa. Kwa miaka 129 chuo kilikuwa bure kwa kizazi baada ya kizazi. Kikaanza kulipiwa miaka sita tu baada ya watoto wa Harlem kuingia kwa wingi. Ukata wa hazina ulikuwa wa kweli, sikatai. Lakini bahati mbaya ina mazoea ya kuchagua wageni wake. Mwaka 1999 bodi ya vyuo vya jiji ikaamua pia kuyaondoa, katika vyuo vya shahada ya miaka minne, masomo ya kumuandaa aliyekuja nyuma. Mlango haukufungwa, ila kizingiti kiliongezwa tofali, na baadaye tofali jengine.

Leo mkaazi wa jimbo hulipa takriban dola 7,000 kwa mwaka. Wapo wanaopata msaada wa serikali ukawatosha, na wapo, kama binti yetu, ambao kipato cha nyumba yao kimezidi kidogo kiwango cha kusaidiwa sana na kimepungua sana kiwango cha kulipa. Muhula huu kachukua masomo matatu badala ya matano. Kwa mwendo huo shahada ya miaka minne itakuwa ya miaka sita. Nilimuuliza kama hachoki. Alinyamaza muda, nikasikia treni ikipita juu yake, kisha akasema, "Nachoka, mjomba. Lakini nikitoka siwezi kurudi."

Hapa kwetu elimu ilitangazwa kuwa bure mwaka 1964, na kizazi changu kilikula matunda yake, hata sisi tuliotoka mapema. Sasa tunajenga vyuo na kuhesabu madarasa. Natamani tuhesabu pia nauli ya daladala ya mtoto wa shamba, saa anazofanya kazi usiku, na waalimu walio tayari kuuliza lugha ya kwao husemaje kabla ya kukata kwa wino. Bila ya hayo tutakuwa na milango mizuri ya kuchonga, ya kupigwa picha na watalii.

Na kwa wale wanaosoma kurasa hizi wakiwa na daftari la mashairi chini ya mto, wasio na cheti wala joho: lileteni. Miaka yote niliyoandika hapa, sijaulizwa nimesoma wapi.